Kioo Nilichokisafisha

Mume wangu Mcha alikuwa mtu wa chumba cha giza katika studio moja ya picha hapa mjini. Kazi yake kuosha sura za maarusi. Watu wa mtaa wetu wa Kiponda walimwita Bwana Nyota wakamcheka, nami nilicheka nao. Waliomzika walimsifu kwa upole wake tu, na hilo liliniudhi. Maishani mwake Mcha alitaka kitu kimoja, na mimi ndiye niliyekiharibu.

Alitaka kuipiga picha nebula. Neno hilo alilipata katika kitabu cha Kiingereza alichopewa na mwalimu mmoja, na kila alipoanza kunieleza nilimkatiza: "Baba Mize, jiko linazima." Nikadhani nebula ni jina la nyota, kama vile Zuhura. Nilichojua ni kwamba anazipiga zile nyota tatu za mstari, zinazokaa utosini mwezi wa Februari, pamoja na zilizo chini yake. Mke aliyekaa na mume miaka ishirini huona ameshauliza yote.

Alikuwa na darubini ya shaba aliyoipata mnadani. Aliifunga pamoja na kamera kuukuu ya studio juu ya kigoda alichokichonga mwenyewe. Kwa kuwa mbingu haisimami, ilimbidi azungushe parafujo kwa mkono, polepole, saa nzima, huku jicho likiishikilia nyota moja pale nyuzi mbili zinapokatana ndani ya darubini. Nyuzi zenyewe zilikuwa nywele zangu. Taa za mjini zilimharibia, basi akawa anakwenda kijijini Bwejuu kwa dada yake Sichana, na kurudi na kioo cha picha, maana kamera ile ilitumia kioo badala ya filamu, kimezongwa kitambaa cheusi.

Miaka mitatu alishindwa. Kioo cha kwanza joto liliyeyusha utando wake ndani ya dawa, na tangu hapo akawa ananunua barafu ya kupozea maji. Cha pili kililiwa na ukungu kabatini. Cha tatu alipiga chafya, darubini ikatikisika. Hicho nilikicheka mpaka machozi yakanitoka, Mungu anisamehe.

Kisha yakaja ya macho. Alianza kujikwaa ngazini nyakati za magharibi. Daktari hakumficha: giza linaingia kutoka pembeni, litazidi kukaza kila mwaka, na dawa hakuna. Akabaki anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na mwanga ukiwa hafifu haoni kitu. Nyota angavu katikati ya darubini bado aliimudu, lakini mwaka wa mbele hakuuamini. Februari ya 1956 akaniambia, "Mama Mize, mara hii au basi tena. Nataka niione kwa macho yangu, hata siku moja."

Alikaa Bwejuu siku tisa. Usiku wa tisa ndio mbingu ilipofunguka, akapata saa yake nzima. Akarudi na gari la asubuhi, akakiosha kioo hapo nyumbani, chumbani alimoziba mwanga, kwa vidole na kwa kuhesabu midomoni, maana taa nyekundu ya kuoshea picha haikumfaa tena kitu. Akakisimamisha mezani kwangu kikauke, kisha akakimbilia studio, maana walikuwa wameshamtumia mtu kumwita. "Ntakitazama kwenye jua nikirudi," alisema.

Sasa na mimi nijieleze. Nilikuwa nikisafisha vioo vya studio hapo nyumbani, kazi aliyonifundisha yeye mwenyewe. Kwenye kioo kila kitu hugeuka, cheupe huwa cheusi. Doa jeusi la kioo hutoka jeupe kwenye shavu la bibi arusi, basi unalikwangua kwa kisu chembamba mpaka liishe. Nilikuwa hodari. Sijapata kurudishiwa kioo hata kimoja.

Nilikiinua kile cha Mcha dirishani, moyo ukaniuma. Nyota zake tatu zilikuwapo, na nyingine kubwa ninazozijua. Lakini zilizungukwa na vidoa mamia ambavyo mbinguni sikupata kuviona, na chini yake limekaa waa kubwa limetawanyika, sawasawa na ule ukungu wa kabatini. Nikasema masikini, haoni, ameosha kwa maji machafu. Akikikuta hivi atavunjika. Nikaketi nacho tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri. Nikaziacha nyota za watu wote, vilivyobaki nikavikwangua kimoja kimoja. Waa peke yake lilinichukua saa nzima. Sijapata kusafisha kioo kwa mapenzi kama yale.

Alirudi alasiri, akaenda nacho dirishani moja kwa moja.

"Tatu nnaziona," alisema. Akakishusha kidogo, akakipandisha, akafikicha macho. "Chini yake yapasa kuwe na kitu kama moshi, Mama Mize. Ndiyo nebula yenyewe. Na nyota ndogo tele, kioo huona zaidi yetu. Mbona sizioni?"

Akakaa chini sakafuni. "Basi macho yamekwisha. Makubwa nnayaona, madogo yameshaondoka. Na mimi nlidhani ntapewa mwaka."

"Macho yako mazima," nikamwambia. "Ilikuwapo. Mimi ndiye niliyeikwangua, nlidhani uchafu."

Akapitisha kidole juu ya kioo, laini, hakuna mkwaruzo. Kisha akaniwekea mkono begani. "Mungu akulipe kheri, mke wangu. Lakini usiniongopee ili nitulie."

Nikamwapia. Nikamletea kisu akishike. Nikalia, na kila nilivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kuamini kuwa namhurumia. Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini mimi hata kumwonyesha palipomwagika sikuweza.

Zilikuwa zimebaki siku nne kabla mwezi haujaanza kuangaza. Nilimsihi twende wote, kigoda nitakibeba mimi. Akasema mtu asiyeona anafuata nini Bwejuu, akampa darubini yule mwalimu, na tangu siku ile akashika mkongojo.

Macho yake yalidumu Februari mbili zaidi. Najua, kwa sababu alikuwa bado akinitungia uzi sindanoni. Alisema ni vidole vimezoea. Mimi nilikuwa nikimtazama jicho, likiufuata uzi mpaka tunduni.