Udi Wangu Umeuwa Mtu London

Jamani, leo udi wangu umetiwa hatiani kwa mauaji!

Nimekwenda duka la vitabu hapa Kenton, London, kumsikiliza mwandishi wa riwaya ya upelelezi ya vijana, inayotokea enzi za Malkia Viktoria. Mlangoni kanisifu: "Unanukia vizuri mno!"

Tukakaa, akasoma. Mtumishi, binti wa Kizanzibari, anafukiza nguo zake kwa udi. Mpelelezi wa mauaji ananusa, anasema huo moshi wa kichawi. Basi, binti ndiye muuaji, anyongwe!

Uchawi? Nguo za Idi hizo!

Nikanyanyua mkono. "Bibie, moshi wenyewe ndio huu ulousifu mlangoni."

Akawa mwekundu kama tungule. Halafu, bila ya haya, akaniuliza udi naununua wapi.

Nikamwambia, "Muulize mtumishi wako, kabla hujamnyonga."