Mama Aliyetaka Kuogelea

Wiki iliyopita nilishika mdomo kwa mshangao. Nilikuwa mapokezi ya hoteli moja mjini Kisii, yenye bwawa la kuogelea, alipoingia mama wa miaka sabini hivi, kitambaa kichwani, akasema ametoka Marani, mashambani.

"Umemleta mjukuu aogelee?" msichana wa mapokezi akamuuliza.

"Ni mimi ninayetaka kujifunza. Nimetazama video kwenye simu mpaka nikaanza kupiga miguu kitandani."

Kabla hatujafunga midomo, bwana mmoja akatokea bwawani, kifua wazi, kaptula ikichuruzika maji. Alipomwona mama akaruka nyuma ya friji ya soda. "Mungu wangu! Mama mkwe!"

Kwetu Gusii mkwe hampi mama mkwe hata mkono, sembuse kumtokea na kaptula iliyolowa. Tulijua mama atakimbilia nyumbani kwa aibu, asirudi tena.

Yeye akaugeukia ukuta tu, akamwambia msichana: "Maji nimeyabeba kichwani tangu utotoni. Leo nataka yanibebe mimi. Mwambie mkwe wangu atokee mlango wa jikoni."

Bwana akatokea jikoni. Mila inataka mmoja apishe. Kumbe haijawahi kusema ni nani.