Mwokozi wa Stima

Katika chuo chetu, kati ya Ruiru na Thika, kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Ukinyoosha mkono mkutanoni ukasema kitu fulani hakiendi sawa, kitu hicho ni chako kuanzia dakika hiyo. Aliyelalamikia vyoo alifanywa msimamizi wa vyoo. Ndiyo maana walimu wa zamani walikaa mikutanoni wameinamisha vichwa, na mimi mgeni nikadhani wanasali.

Mdomo ukaniponza. Nilisimama nikasema taa za mabweni zinawaka mchana kutwa, na kwamba jikoni magogo ya mikaratusi yanateketezwa kana kwamba miti inaota usiku mmoja, yote kwa sababu ya githeri. Kisha, kwa kujigamba, nikaongeza habari za moshi na hewa ya ukaa inayoifunika dunia kama blanketi, joto likaingia lisitoke. Nilikuwa mwalimu wa fizikia na niliipenda sauti yangu. Mkuu wa chuo alitabasamu.

"Asante, mwalimu," alisema. "Sasa wewe ndio utatuongoza kuokoa hizi stima na kuni."

Balaa ni kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwomba aniruhusu kuhama. Mke wangu alifundisha shule ya msingi upande wa Kakamega, na binti yetu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Huko kulikuwa na chuo kilichonihitaji. Kilichobaki ni mkuu wangu kukubali kuniachilia, basi.

"Maliza hii project kwanza," aliniambia, "halafu nitakuachilia na roho safi." Alikuwa mtu aliyeokoka, hata kikombe cha chai alikiombea. Nikamwamini.

Nikaifanya kazi ile kama mtu anayefungasha mizigo. Jikoni nilitaka mahindi na maharagwe yalowekwe siku moja kabla, na kuni zipasuliwe zikauke badala ya kuchomwa zingali mbichi. Mafundi wa mtaa wa Landless wakatujengea jiko la matofali lenye mlango, na moshi ambao zamani ulifika hadi madarasani ukapungua. Wapishi walininunia kwa muhula mzima. Walisema githeri ya kulowekwa haina ladha, na kusema kweli hawakukosea sana. Mabwenini niliingia chumba kwa chumba nikitafuta zile koili za kuchemshia maji, ambazo wanafunzi walizificha ndani ya viatu, ndani ya mito, na moja ndani ya gitaa.

"Mwalimu, hata chai?" kijana wa gitaa aliniuliza. "Si utuachie hata chai, buda."

Wakanipa jina. Huku kwetu neno kuokoa haliwezi kutajwa bila mtu kufikiria kanisa, kwa hiyo nikawa Mwokozi wa Stima. Baada ya muda neno stima likaachwa, nikabaki Mwokozi tu. Kila nilipopita mtu alipaza sauti, "Bwana asifiwe," na bweni zima likaitikia, "Zimeni taa."

Bili ya stima ilishuka. Nikaenda kwa mkuu nikiwa na furaha, nikamwambia mradi umeenda vizuri. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umefanya kazi, mwalimu. Sasa nikikuachilia, hii kitu si itakufa?"

Hapo ndipo nilipoelewa mahali nilipojitia. Ningeshindwa, angenifukuza kwa furaha. Nilifaulu, kwa hiyo sikuweza kutoka. Wageni walianza kuja kutoka vyuo vingine kuliona jiko letu, nami nikawatembeza nikitabasamu hadi mashavu yakauma. Mwenzangu mmoja wa idara ya hesabu alinicheka akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilimwambia kamba hii nimeisokota mwenyewe, na sikucheka. Niliuchukia mlango wa lile jiko, nikauchukia wema wa mkuu. Zaidi ya vyote nilijichukia mimi kwa kuipenda kazi yenyewe.

Jioni moja niliamua kuiharibu. Niliacha taa zote za ukumbi zikiwaka makusudi, mkuu azione atakapopita, aone kwamba Mwokozi amechoka. Nilifika langoni. Mlinzi akanisalimu, nikamjibu, nikageuka, nikarudi ukumbini kuzizima moja baada ya nyingine. Nilikasirika kiasi kwamba nilikosa hamu ya chakula. Hata mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeajiriwa na chuo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mvua zilikataa na mgao wa stima ukaanza nchini. Nikazidi kuhitajika. Nilibandika tangazo langoni: Mkutano wa kuokoa stima na kuni, Jumamosi, ukumbini, wote mnakaribishwa. Kijana fulani akaja na tangazo la mechi ya kandanda, akalibandika juu ya langu katikati. Kilichosomeka kikawa mkutano wa kuokoa, Jumamosi, ukumbini, wote mnakaribishwa.

Wanafunzi walikwenda kwenye mechi. Waliokuja ni akina mama wa mtaa wa Kimbo, vitambaa vyeupe kichwani, Biblia kwapani, wawili wamebeba matari. Niliona haya kuwarudisha. Nikawahubiria maharagwe ya kulowekwa na kuni kavu. Walisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha mmoja wao, mama wa makamo, akasimama.

"Mwalimu, sisi tulijua ni wokovu. Lakini ni sawa, hata kuni ni za Mungu. Wewe ni wa wapi?"

"Kakamega, mama."

"Na bibi yako ako wapi?"

"Hukohuko. Na mtoto. Ni miaka sasa."

"Haiya. Na wewe uko hapa miaka hii yote?" Aliwatazama wenzake. "Unaokoa stima, na wewe nani atakuokoa?"

Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea niachiliwe. Waliomba kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, na mmoja wao alilia kweli, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Nilitaka kulia pia. Badala yake nilifungua jicho moja nikaona kuna balbu inawaka juu ya jukwaa, mchana mweupe. Walipofika kwenye amina nilikuwa nimeshaikaribia swichi.

Desemba hiyo nilipewa ruhusa ya Krismasi. Mwaka uliotangulia sikwenda, kwa sababu ya wageni wa jiko. Mke wangu alichinja kuku, kama anavyochinja kila nikienda, na mtoto alikuwa ameambiwa asubuhi afagie uwanja kwa kuwa kuna mgeni. Alikuwa ameshaanza shule, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, na alinipa mkono kwa kupiga goti kidogo, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa kuwasalimu watu.

Jioni nilitoka kunawa. Niliporudi sebuleni hapakuwa na mtu, na koroboi ilikuwa inawaka mezani peke yake, kando ya kitabu kilichofunguliwa. Sikufikiri. Niliinama nikaipuliza.

Mtoto alikuwa amekwenda tu kutafuta penseli. Nilisikia miguu yake ikisimama mlangoni.

"Mama," aliita kuelekea jikoni, bila hasira, "mgeni amezima taa."

Sauti ya mwiko ndani ya sufuria ilikoma. Nilisimama gizani nikingoja mama yake amsahihishe.