Bibi Niliyempakia Basini Skotilandi

Chekeni sasa hivi mmalize, maana najua, wenzangu wa kazi, mnanisubiri tangu nilipoingia hapa mtaani Sharafiya, na ni kweli, sikatai, mimi Mghoi nilimwacha Hajja wetu kwenye ngome ya Waskoti nikampakia basini bibi wa watu nisiyemjua hata jina.

Hajja mnamjua, ndiye mama yake madam, mimi naishi naye hapa Jeddah namtunza, na madam na mumewe, tunayemwita baba, wanakaa Riyadh, kule Sulimaniyah. Basi mwaka huu wakaamua joto limezidi, wanaenda Skotilandi, na Hajja akagoma akasema haendi popote bila mimi. Baba alipokuja kutuchukua akaniita pembeni. "Mghoi, Hajja akirudi salama bila tatizo lolote, Desemba unaenda nyumbani." Aki nilikaribia kumkumbatia (ningefukuzwa hapo hapo), maana binti yangu Neema nilimwacha hana meno ya mbele na sasa ananisomea vitabu kwenye simu. Nikashuka sokoni nikanunua koti la rangi ya chungwa, kubwa, lingetosha watu wawili, nikajiambia niko tayari.

Jamani, ile nchi! Tulipanda basi la watalii asubuhi, mwongozaji ni mzee amevaa sketi ya mistari, hana aibu hata kidogo, anatuonyesha milima ya kijani, ziwa jeusi limetulia, kondoo kila mahali, na ngome juu ya mwamba ambazo hata ukiziona huamini. Madam analala, watoto wanacheza na simu, sisi wawili na Hajja tumebandika nyuso kwenye kioo. "Subhanallah," Hajja ananiambia, "haya yote ni majani tu, na hakuna anayemwagilia?" Mimi nalia, sijui nalia nini, furaha tu.

Kwenye ngome ya mwisho wanaazimisha viti vya magurudumu, vyote buluu, nikamkalisha Hajja kwenye kimoja, na siku hiyo Waarabu walikuwa wengi utadhani tuko kornishi, kule ufukweni Jeddah. Madam akaniambia, "Tunapanda mnarani. Usimwache mama." Nikasema hadhir, madam. Na hapo ndipo, jamani, mtu mmoja akaanza kupuliza zumari lenye mfuko, sauti inapasua hewa, mwili wangu wenyewe ukaanza kutikisika. Nikawaza, niwapigie kina nyinyi simu ya video, kidogo tu. Nikamweka Hajja ukutani mahali pasipo upepo, nikakaza breki, naye akanisukuma kwa mkono, "Yalla, nenda!"

Mliniona nikicheza. Mlichokosa kuona ni wazungu wakinizunguka wanapiga makofi, na mimi na koti langu nazidi kujiachia, mpaka honi ya basi ikalia. Mbio ukutani, kiti buluu hiki hapa, abaya nyeusi, nikabu, bibi anasinzia. Nikasukuma hadi basini, nikamwinua kumpandisha, nikaona leo Hajja mzito (nikasema ni hewa ya huku imemnenepesha), mwongozaji akahesabu vichwa, vimetimia, tukaondoka.

Njiani nikawa namsimulia vile nilivyocheza, naye anaitikia tu, "Aiwa, aiwa." Nikammiminia kahawa. Akainua nikabu anywe, na ule uso, ndugu zangu, haukuwa wa Hajja. Nilipiga yowe la Kitaita, dereva akakanyaga breki, watu wote basini wakanigeukia, madam akaamka. "Mama yangu yuko wapi?"

Bibi akatutazama mmoja mmoja akauliza, "Nyinyi ni nani?" Madam akamuuliza kwa nini alikubali kupakiwa bila kusema neno. "Nilidhani huyu ni shaghala mpya," akasema, "mwanangu kila mwaka analeta mfanyakazi mwingine." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini lilinichoma. Mimi sikumwona uso kwa kuwa kaufunika. Wangu ulikuwa wazi njia nzima, na hata yeye hakuuangalia.

Basi likageuzwa kwenye kijibarabara chembamba, kondoo wanatutazama. Baba akawa anaangalia saa yake tu, afadhali angefoka. Mimi nilikuwa naiona Desemba ikienda, naona Neema akiambiwa mama haji tena.

Getini tukakuta familia nyingine inakimbia huku na huku inaita bibi yao, na katikati yao ametulia Hajja na aiskrimu mkononi, ile aliyokatazwa na daktari kwa sababu ya sukari. Kumbe binti yao alimsukuma hadi kwenye gari la aiskrimu, akamwacha bibi yake mwenyewe anasinzia pale ukutani. Hajja aliponiona akapaza sauti uwanja mzima ukasikia, "Mghoi! Ya Mghoi!"

Baba akaanza, "Huyu alikuacha peke yako..."

"Nani kaniacha? Nilimtuma mimi. Na Desemba anaenda kwa mwanawe, au nimesikia vibaya?"

Baba akakohoa. "Anaenda."

Nilipomwinamia nimfunike blanketi akaninong'oneza, "Na aiskrimu, mafi, hakuna. Hukuona kitu."

Sikuona kitu, Hajja. Tiketi hii hapa, ishikeni na nyinyi. Na nimeapa, simsukumi mtu tena kabla sijainama nikamsalimu usoni, na kucheza nitacheza kiti nikiwa nimekishika. Hata siku nikitua uwanja wa ndege na watoto wamejaa pale nje, sitamrukia yeyote mbiombio. Neema ana meno sasa, na urefu wake siujui. Nitasimama nimwangalie uso kwanza, vizuri, hata kama walio nyuma yangu wananipigia kelele nisogee.