Mpangaji Mkuu wa Chumba cha Uani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vya kisigino, na hilo lilikuwa kosa. Karani Mkuu, mama mnene asiyecheka ovyo, aliniangalia kuanzia chini kwenda juu, akasema, "Binti, kazi yetu hapa ni kuzunguka kwenye nyumba za watu. Kesho njoo na raba." Ofisi yetu ilikuwa ndogo, hapa hapa mjini Bukoba, ikisimamia nyumba za kupanga ambazo wenyewe walikuwa wanaishi mbali. Cheo changu kiliitwa mkaguzi. Nimestaafu juzi juzi tu. Na kwa kuwa nyinyi vijana siku hizi mnaachiana vyumba kwa ujumbe wa simu, bila karatasi wala haya, kaeni niwaeleze sisi tulivyokuwa tunafanya.

Mchana ule ule Karani Mkuu alinifundisha kanuni iliyonilisha miaka yote. "Mlango wa mtu usiufungue wewe," alisema. "Simama nje, piga hodi, salimia. Mpangaji akiitikia, andika yupo. Asipoitikia, rudi siku nyingine."

"Na akijificha?"

"Mhaya gani unayemjua wewe asalimiwe anyamaze? Hata kama amekununia ataitikia kwanza, kugomba kutafuata."

Nilicheka, yeye hakucheka. Lakini ilikuwa kweli tupu. Nimekagua nyumba Bukoba, nimekagua Muleba, sijaona mtu aliyekuwa ndani akaacha salamu ianguke chini. Kila ukaguzi ulikuwa na fomu yake, na mstari wa mwisho wa fomu uliandikwa "Maneno ya Mpangaji." Hapo tulijaza bati linavuja, choo kimeziba, mambo kama hayo. Salamu hatukuziandika, tungemaliza karatasi.

Kilichonipasua kichwa zaidi kilikuwa upangishaji mdogo. Mtu amepanga nyumba, kisha naye anampangisha mwingine chumba kimoja au viwili. Yule wa kwanza tulimwita mpangaji mkuu, wa pili mpangaji mdogo. Ili jambo liwe halali, mwenye nyumba atoe ridhaa kwa maandishi, na mpangaji mdogo apewe mkataba wake mdogo. Mdogo akivunja dirisha, mwenye nyumba anamshika mkuu, naye mkuu atajuana na mdogo wake. Tena mkuu hawezi kumpa mdogo muda mrefu kuliko alio nao yeye. Na hapa ndipo watu wengi wanapolia: mkataba wa mkuu ukiisha, kwa sababu yoyote ile, mkataba mdogo nao umekwisha siku hiyo hiyo. Mdogo anasimama juu ya mgongo wa mkuu.

Nilipohamishiwa Muleba, nikapewa nyumba za Kamachumu, niliyaona ya kila namna. Mwalimu mmoja alipata uhamisho, akamwachia mwenzake chumba kimya kimya. Mwenzake akamwachia shemeji yake. Shemeji naye akamweka muuza mitumba. Nikamuuliza yule wa mitumba, "Mwenye chumba hiki ni nani?" Akanitazama kwa adabu zote, akasema, "Mama, mimi nilijua ni wewe." Jamani! Ilinichukua majuma matatu kuwapanga watu wale.

Niliporudishwa Bukoba, Karani Mkuu alikuwa ameshaondoka, na aliyekuwa juu yetu ni Meneja wa Milki, mwanaume mrefu, mkavu, mwenye kupenda taratibu kuliko chakula. Yeye ndiye aliyenikabidhi nyumba ya Kagondo.

Mpangaji mkuu wa Kagondo alikuwa Ta Byarugaba, yaani Mzee Byarugaba, mwalimu mstaafu, kwao Izimbya. Yeye alikaa chumba cha uani. Chumba cha mbele, kwa ridhaa ya ofisi, alimpangisha Kemilembe, fundi cherehani mwenye mabinti watatu, aliyetoka Kamachumu baada ya mumewe kuwatupia vitu nje. Kemilembe alipata wateja hapo barazani, mabinti wakapata shule karibu. Nilimpenda kwa sababu alifanya kazi bila kulalamika.

Mlango wa Ta Byarugaba ulitazama ua, na ua wenyewe haukuwa na kivuli hata cha mgomba mmoja. Nikifika nikasalimia, ataitikia kutoka ndani, kila mara maneno yale yale: "Karibu, mwanangu. Usisimame juani." Kisha atafungua, anipe kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, tuzungumze. Baadaye alianza kuumwa, akawa hatoki. Akawa anaitikia akiwa ndani, nami nasimama nje ya mlango, namjulia hali, namuaga. Sikuona ajabu. Mgonjwa huwezi kumwingilia chumbani.

Kodi Kemilembe alikuwa anaituma kwa simu kwa niaba ya wote wawili tangu zamani, kwa hiyo ofisi haikuwa na la kuuliza.

Sasa sikilizeni. Ukaguzi mmoja nilifika saa saba mchana, jua kali. Kemilembe alikuwa mbele, cherehani inalia. Nikapita uani, nikasalimia. Jibu lilichelewa kidogo, likaja: "Karibu, mwanangu. Usisimame juani." Nikamuuliza hali. Akasema, "Napumzika." Niliona kandambili zake mlangoni zina utando wa buibui, nikajisemea maskini, hata uani hatoki tena. Na chini ya mlango palikuwa panatoka ubaridi, miguu yangu ikaganda ndani ya raba mchana kweupe. Nikaandika yupo, nikaondoka.

Miezi mitatu baadaye nikarudi. Safari hii alikuwa na neno. "Andika, mwanangu. Nisipokuwepo, Kemilembe aachiwe nyumba. Nimeshamkubalia." Nikaandika vile vile alivyosema kwenye mstari wa Maneno ya Mpangaji, nikamwahidi nitalifikisha.

Haikupita wiki nikaalikwa kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu huko Izimbya. Baada ya chakula nikakumbuka kuwa kwao Ta Byarugaba si mbali, nikasema nipite niwape ndugu zake habari kwamba mzee wao yupo, anaongea vizuri. Nikaonyeshwa njia, nikaingia kibanjani, shamba la nyumbani kwao, migomba imefunga pande zote. Kabla ya kuifikia nyumba nikakuta kaburi lenye msalaba. Nikasoma jina. Nikalisoma tena.

Dada yake, bibi mmoja mfupi, alinikuta nimesimama pale pale. "Ulimfahamu?" akaniuliza.

"Alifariki lini, Ma?"

"Kabla ya senene. Waitu, ndugu yangu, alikuja hapa anaumwa, hakumaliza siku nne."

Mawe, mama yangu! Senene zilikuwa zimekuja, zimeliwa, zimesahaulika. Kaguzi zangu zote mbili zilikuwa baada ya hapo. Yule bibi akanishika mkono akanikalisha kwenye kigoda, akidhani nimeshikwa na uchungu. Nikamwacha adhani hivyo, nikaaga.

Kesho yake nilikwenda Kagondo moja kwa moja, na nilikwenda na hasira, kwa sababu hasira ilikuwa nyepesi kubeba kuliko woga. "Kemilembe," nikasema, "umenifanya mimi mtoto. Ta Byarugaba amezikwa, na wewe unajua."

Alisimamisha cherehani. Machozi yakamtoka hapo hapo. "Najua, Ma Koku. Nilikwenda kuzika. Nilimwomba dada yake vitu vibaki kwanza. Akifa yeye kwenye karatasi zenu, mimi na watoto tunatoka. Twende wapi?"

"Ndiyo ukaitikia kwa sauti yake?"

Akanitazama. "Nani ameitikia?"

"Nimesalimia mara mbili, nimeitikiwa mara mbili!"

"Ma Koku, mimi nilikuwa hapa, mashine inalia, umenipita ukaniona. Watoto walikuwa shule. Chumba kile ufunguo anao dada yake Izimbya." Sauti yake ikashuka. "Nilikusikia unasalimia. Unanyamaza, unacheka, unaaga. Nikasema moyoni, huyu mama ameshajua, ananifichia. Nikakuombea kwa Mungu."

Hakuna kati yetu aliyethubutu kwenda uani.

Ofisini nilimweleza Meneja kwamba mpangaji mkuu amefariki, kwa maana hilo halikufichika tena. Alifungua faili, akaziona fomu zangu mbili, akaona na yale maneno. Uso wake ulibadilika.

"Umeandika maneno ya marehemu?"

"Nimeandika nilichosikia."

"Futa."

"Sifuti, Bwana Meneja."

"Basi umeghushi, na mtu anayeghushi hafanyi kazi hapa. Kuna mteja anaitaka nyumba nzima. Mkataba mkuu umekufa na mwenyewe, mdogo umekufa nao. Huyo fundi apewe notisi ya kuondoka."

Kisheria alikuwa sahihi, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nafundisha watu hivyo. Nikamwambia njia ipo: mwenye nyumba anaweza kumpa Kemilembe mkataba wa moja kwa moja, asisimame tena juu ya mgongo wa mtu. Na kuhusu kughushi, nikamwomba jambo moja tu, aende akague mwenyewe kabla ya kunifukuza. Akachukua fomu tupu, akasema, "Wewe baki hapa."

Alitoka saa sita. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwaza mabinti watatu na mabegi yao barabarani, nikiwaza na mkate wangu mwenyewe. Alirudi saa tisa. Alikunywa maji, bilauri nzima, akajaza tena akanywa. Fomu yake ilikuwa imekunjwa mara nne mfukoni.

"Andaa mkataba mpya," alisema. "Kwa jina la Kemilembe."

"Umesikia, Bwana Meneja?"

"Nimesikia cherehani," akajibu kwa ukali. Akaenda mwenyewe kabatini, akaitia fomu kwenye faili, akalipiga faili mhuri wa kufungwa, akaliweka na mafaili ya mambo yaliyokwisha. Nikadhani amenionea huruma, na kwa mtu mkavu kama yule nilishangaa. Nilimshukuru, akanifukuza kwa mkono.

Kemilembe yupo pale pale mpaka leo, mpangaji wa nyumba nzima. Dada wa marehemu alikuja kuchukua vitu, chumba kikapakwa rangi, mabinti wakalala humo. Kila nilipokwenda kukagua nilisalimia mlango ule kabla ya kitu kingine. Nilijibiwa na mabinti tu.

Nikikaa nyumbani sasa, watu huniuliza nimejifunza nini. Nawaambia waandikishane. Ukimpa mtu chumba ndani ya chumba chako, nenda ukapate ridhaa ukiwa hai, umwekee mwenzio njia yake kabla hujaondoka, maana si kila mtu atapata nafasi ya kulisema baadaye. Wanadhani natania.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa ya makabidhiano. Meneja alikuwa ameshastaafu zamani, amerudi kwao. Nilikuwa namwonyesha mrithi wangu kabati la mambo yaliyokwisha, mkono ukaangukia faili la Kagondo. Fomu ya Meneja ilikuwa bado imekunjwa mara nne. Nikaikunjua. Mwandiko wake, ule ulionyooka wa mtu wa taratibu, siku ile ulikuwa umeyumba. Juu aliandika: mpangaji mkuu yupo. Na chini, kwenye mstari wa Maneno ya Mpangaji, aliandika salamu ambayo sikuwahi kuiandika popote, wala kumwambia mtu yeyote, hata Kemilembe: "Karibu, mwanangu. Usisimame juani."