Vigelegele vya Mama Mwenye Nyaya

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Shangazi alinikuta sebuleni, mdomo umenivimba, nakunywa uji kwa kijiko cha mtoto.

Nilikuwa nimetoka hospitali Mbeya. Meno yangu ya juu, meno ya ukoo wetu, yalitokeza mbele tangu usichana. Nilicheka nimeziba mdomo kwa upindo wa kanga, na nyama niliitafunia pembeni. Nilipopata wajukuu nikasema basi. Daktari alinifunga nyaya za kuyanyoosha, kisha akafungua fizi na kuuchanja mfupa, maana mfupa wa mtu mzima ni mgumu, meno husogea polepole mno kwa nyaya pekee.

"Una wazimu?" shangazi akafoka. "Samaki mkunje angali mbichi! Wewe ulishakauka zamani."

"Mimi si samaki, shangazi," nikamjibu kwa tabu.

"Na binti yako anaolewa mwezi ujao! Utapokea wakwe na vyuma mdomoni? Siku hiyo kaa ndani. Nitasimama mimi."

Hapo aliniumiza kuliko kisu cha daktari. Kupokea wakwe wa binti yangu ni haki yangu, niliyemzaa. Heshima nilimpa, nafasi sikumpa.

Uvimbe uliisha, nyaya zikabaki. Siku ya harusi, hapa hapa Iringa, kanga niliifunga kiunoni kwa makusudi, nikaikaza. Wakwe waliposhuka garini nikasimama mbele ya wote, nikaachama, nikapiga vigelegele nyaya zikimeta juani. Watu wakanong'ona. Na wanong'one!

Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa, kama ipasavyo mwali. Akainua uso, akacheka. Naye ana meno yale yale, na kuziba mdomo alijifunza kwangu. Siku ile mkono wake haukuinuka. Nililia, mwanangu, sikujali wanja.

Sasa nisikilize. Sisemi meno yaliyotokeza ni aibu. Binti yangu hajayanyoosha mpaka leo, na anacheka atakavyo. Ukitaka kutibiwa ukubwani, kamuulize daktari, usiiulize methali. Usipotaka, baki nayo. Ila mtu asikuweke ndani siku yako kwa ajili ya mdomo wako.

Mungu akujaalie cheko la wazi mbele za watu, na kanga yako ikae kiunoni. Amina.