Maharagwe Yasiyoiva Mghange

Kuni za shule ziliisha kabla muhula haujafika katikati, na Tryphena mpishi akawa mwizi. Hakuna aliyemwita hivyo usoni. Walianza kwa kupita jikoni bila kumsalimu. Kisha askari wa lango akaanza kumpekua kikapu kila jioni, anainua mpaka leso, huku akisema, "Ni kazi tu, mama." Kufika Jumapili, benchi lake kanisani lilikuwa na nafasi kulia na kushoto.

Mwalimu mkuu alikuwa amehamishwa kutoka shule moja ya Voi, na alipopanda huku Mghange alikuja na hesabu zake za kule chini. Huko, alisema, lori moja la kuni lilipikia watoto idadi kama hii, maharagwe haya haya, muhula mzima, na kuni zikabaki. Hapa zinakwenda wapi? Zamani wazazi walimtuma kila mtoto na ukuni wake mkononi, na hakuna mtu aliyepima kitu. Sasa kuni zinanunuliwa, na kitu kikinunuliwa lazima apatikane wa kuulizwa.

Kilichomuuma Tryphena ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na jibu. Alikuwa amepika Voi miaka mingi, kwenye kibanda cha chakula karibu na stesheni, kabla mumewe hajafa naye akapanda milimani kumzika na kubaki kwenye kipande cha shamba ambacho mashemeji walimwachia, kile chenye mawe. Kule Voi ukibandika maharagwe alfajiri, saa nne unayabonyeza kwa kidole yanapondeka. Hapa aliyaloweka usiku kucha, akayachemsha mpaka mvuke ukatona kutoka kwenye mabati, na bado ukiyatafuna unasikia yanavunjika. Magadi alikatazwa kutia, mzazi mmoja alilalamika tumbo. Alibadilisha sufuria. Aliweka jiwe juu ya kifuniko. Aliwauliza majirani, wakamcheka, wakamwambia maharagwe ndivyo yalivyo tangu wazaliwe. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupika pengine. Mwisho akaanza kufikiri kuna mtu aliyefukia kitu chini ya jiko lake.

Na kazi hiyo hakuweza kuipoteza. Shamba la mawe halikumpa hata debe moja la mahindi. Tena mpishi akishaitwa mwizi hapewi jiko lingine, si Mghange, si Voi.

Kwa hivyo akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hafanyi. Alikata matawi ya mikaratusi iliyokuwa mpakani mwa shamba lake, akawa anayabeba mgongoni kabla hakujapambazuka na kuyachanganya na kuni za shule, ili za shule zisionekane kupungua. Hakumwambia mtu. Nani angeamini?

Sasa, Gredi ya Nane walikuwa wanafundishwa hali ya hewa na angahewa na kijana mmoja aitwaye Kitonga, mwalimu wa mkataba. Alijua kufundisha, hilo hakuna wa kumnyima. Alinunua pakiti ya krips za viazi Voi, akapanda nayo, na ilipofika Mghange ilikuwa imevimba kama mto wa kulalia, watoto wakagombania nani aitumbue. Aligeuza gilasi ya maji juu chini na kipande cha karatasi kikazuia maji yasimwagike. Kisha akataka maji yanayochemka, na kwa kuwa shule haina maabara, akawaleta wote jikoni.

"Auntie, tumekuja kuyaombea maharagwe," alisema Mkamburi, msichana asiyenyamaza.

"Yaombee meno yako kwanza," Tryphena akamjibu, na darasa zima likacheka, na yeye pia kidogo.

Kitonga alitumbukiza kipimajoto ndani ya sufuria ya maji ya chai. Watoto walingoja kipimo kipande mpaka mia moja. Hakikufika. Kilisimama kwenye tisini na tano, na hata Tryphena aliposukuma kuni na moto ukaunguruma, hakikusogea. Kitonga akawaeleza kwamba hewa ina uzito, nayo inayakandamiza maji. Kule Voi, chini, hewa iliyolala juu yetu ni nyingi, inakandamiza sana, kwa hivyo maji lazima yapate moto zaidi ndipo yachemke. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Na maharagwe hayaivi kwa povu, yanaiva kwa joto. Huku lazima yakae motoni muda mrefu. Ndiyo sababu, aliwaambia, mpishi wa Mghange anamaliza kuni nyingi kuliko mpishi wa Voi. Watoto wakaandika.

Tryphena aliketi juu ya gogo.

"Mwalimu," alisema, "kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama. Ni hewa."

Neno hilo alilibeba wiki nzima. Lilimfanya alale. Lilimfanya pia asiwe mwangalifu, maana Ijumaa jioni, matawi yake mengine yalipobaki na paa la jikoni linavuja, aliyafunga akayatia mgongoni kurudi nayo nyumbani. Pale langoni, kando ya askari, alikuwa amesimama Mzee Timotheo, mwenyekiti wa kamati ya shule. Kuni za shule ni mkaratusi. Za Tryphena ni mkaratusi. Mzee aliutazama mzigo, akamtazama yeye, akamwambia aushushe.

Jumatatu aliitwa mbele ya kamati. Alieleza yote, kuanzia shamba lake mpaka alfajiri zake za giza, na Mzee Timotheo alimsikiliza akiwa ameegemea kiti.

"Mama, mimi nimezaliwa hapa," alisema. "Nimeona wapishi wanaotoka na kuni. Mpishi anayeingia nazo, huyo ndiye wa kwanza."

Wakacheka. Tryphena akaomba jambo moja tu, aitwe mwalimu Kitonga.

Kitonga alikuja na vumbi la chaki mikononi. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka ukiisha, na wa kumwandikia ripoti alikuwa amekaa pale pale, mwalimu mkuu, akichezea kalamu.

"Waambie ulichowaambia watoto jikoni," Tryphena akasema.

Kijana alimtazama mwalimu mkuu, kisha akatazama dirisha. Alisema mambo haya yanategemea. Kuna aina ya maharagwe, kuna kuni mbichi na kavu, kuna upepo. Tofauti ipo, lakini si kubwa.

"Kubwa kiasi gani?" Mzee akauliza.

"Digrii chache tu."

"Chache," Mzee akarudia, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia.

"Ulisema si mimi," Tryphena alimwambia, kwa sauti ya chini. "Ulisema ni hewa."

"Mama, ile ilikuwa ya darasa."

Hawakuchukua muda baada ya hapo. Aliambiwa akabidhi ufunguo na asionekane shuleni saa sita ikifika. Kitonga alimfuata mpaka kwenye ukuta wa jikoni, anaongea haraka. Alisema amwelewe, ana wazazi wanaomtegemea, hakuwa na la kufanya, angekuwa na kazi ya kudumu angesema. Tryphena alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Maharagwe yako motoni tangu alfajiri," akamwambia. "Bado hayajaiva. Yanataka moto usiokatika mpaka saa saba, na humo ndani hakuna mtu. Katika shule hii yote wewe ndiye unayejua sababu. Ingia ukakae nayo."

Kitonga aligeuka kuangalia ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, anawatazama. Kijana akajipangusa chaki kwenye suruali, akaenda darasani.

Pale langoni askari alimpekua kikapu. Tryphena alishuka barabara mpaka kwenye kona, na alipogeuka, moshi wa jikoni ulikuwa umeshakatika, na kengele ya chakula ilikuwa bado haijapigwa.